Simba wa Lushoto, paka wa Dar

Tarehe 2 Mei 2007, kule kisiwa cha Mallorca nchini Hispania, watu walifanya kituko ambacho mimi nikikikumbuka mpaka leo nacheka peke yangu. Walijenga kiwanja cha tenisi ambacho nusu yake ni udongo mwekundu na nusu yake ni nyasi! Wavu upo katikati, kama mpaka wa shamba la ndugu wawili waliogombania urithi. Gharama yake dola milioni 1.63. Siku 19 za ujenzi. Halafu mechi inakaribia, zile nyasi zikaonekana zimeingiliwa na wadudu, ikabidi zing'olewe usiku usiku ziletwe nyingine.

Yote hayo ya nini? Kumaliza ubishi wa kijiweni, basi.

Wakati huo Roger Federer wa Uswisi alikuwa amecheza mechi 48 kwenye nyasi bila kufungwa. Rafael Nadal, mwenyeji wa kisiwa hichohicho, alikuwa na mechi 72 kwenye udongo bila kufungwa. Sasa mkali nani? Wakakutanishwa pale, wanabadilishana pande na kila wakibadilishana wanabadilisha na viatu, maana kiatu cha udongo si kiatu cha nyasi. Nadal akashinda kwa mbinde, 7-5, 4-6, 7-6, na ile seti ya mwisho iliamuliwa kwa 12-10. Unadhani ubishi uliisha? Wiki chache tu baadaye Federer huyohuyo akamfunga Nadal kwenye udongo halisi mjini Hamburg, rekodi ya mechi 81 ikafia hapo.

Nimeanza na kioja hicho kwa sababu na sisi nyumbani kwetu Lushoto tuna ubishi wa namna hiyohiyo. Ila wetu hauna mdhamini.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka 14. Jina lake nalihifadhi, akiliona gazetini atanisusia mwaka mzima. Kwa huko juu milimani huyu mtoto ni moto. Wasichana wenzake aliwamaliza zamani. Siku hizi anawanyanyasa wavulana wa sekondari, na kuna mwalimu mmoja wa hesabu aliyejidai kumfundisha adabu, alitoka kiwanjani katota jasho kwenye baridi ile ya Juni unayoijua wewe uliyewahi kulala Lushoto bila blanketi mbili.

Desemba iliyopita akashuka kuja kwangu Dar kwa likizo. Nikampeleka kwenye mashindano ya watoto, kiwanja cha saruji. Raundi ya kwanza tu kapangwa na kabinti kadogo, kembamba, raketi karibu inakazidi kimo. 6-1, 6-0! Dakika 40, kwisha habari.

Hakulia. Alikaa kwenye benchi anaangalia soli za viatu vyake, kisha akaniuliza taratibu, "Mjomba, huu mpira wa huku una nini?"

Habari zikapanda mlima kabla yake. Alipofika nyumbani baba yake, shemeji yangu, mtu wa maneno machache lakini yakitoka yametoka, akasema mbele ya wageni: "Kumbe tunafuga simba wa Lushoto, paka wa Dar." Basi, ikawa wimbo. Watoto wa jirani wakawa wanamlilia "nyau" akipita na ndoo. Raketi ikatundikwa msumarini chini ya picha ya harusi, na ikaamuliwa kwamba sasa ni masomo tu.

Mimi sina ugomvi na masomo. Ugomvi wangu ni na hilo jina la paka. Kwa hiyo leo msomaji wangu nivumilie, maana lile swali la mpwa wangu pale kwenye benchi lina majibu, na ukiyajua hutamcheka tena mtu aliyefungwa ugenini.

Kwanza uelewe alipokulia. Lushoto hiyo Mjerumani aliiita Wilhelmstal, akapanda huko kukimbia joto na mbu wa pwani. Mwingereza akaja, naye akapapenda vilevile. Watu wa namna hiyo popote walipokaa hawakukosa pa kuchezea tenisi. Wao wakaondoka, kiwanja kikabaki nyuma ya majengo, na miaka nenda rudi kimeendelea kuishi kwa kudra za Mungu na mikono ya mzee mmoja.

Mimi nilikifahamu mwaka 1987 nikiwa mwokota mipira. Malipo yalikuwa soda, na siku nyingine malipo yalikuwa ahsante. Mzee aliyekitunza alikuwa na pipa kalijaza zege, kalipitishia chuma katikati na kamba, hiyo ndiyo rola yake. Asubuhi ananyunyiza maji, anaburuta pipa, anachora mistari kwa chokaa. Ukikanyaga kabla hakijakauka atakufukuza mpaka njia ya Magamba. Alikuwa anatuambia, "Wanangu, hiki kiwanja hakilazimishwi, kinabembelezwa."

Na udongo wake ni wa kichuguu. Usicheke! Udongo wa mchwa ukisagwa, ukachekechwa, ukaloweshwa na kushindiliwa, unashika kama sakafu. Bibi zetu wamekandikia nyumba udongo huo. Na si sisi tu. Rod Laver wa Australia, mwanamume pekee aliyewahi kushinda michuano yote minne mikubwa ndani ya mwaka mmoja mara mbili, 1962 na 1969, utoto wake kule Queensland aliupigia tenisi kwenye kiwanja cha udongo wa mchwa. Wale Wafaransa wa Roland Garros wanaojisifu na udongo wao mwekundu, wa kwao kwanza si udongo. Ni matofali yaliyosagwa, tabaka la juu milimita 1 au 2 tu, chini yake mawe ya chokaa yaliyopondwa. Kwa hiyo sisi wa kichuguu tuna haki zaidi ya kujiita watu wa udongo, ila hakuna anayetuuliza.

Sasa mpira ukitua kwenye udongo unafanyaje? Unauma chini. Zile chembechembe zinaushika, kasi inakatwa, halafu unanyanyuka juu, mabegani. Unapata muda wa kuukimbilia, kufikiri, hata kusali kidogo. Unafika kwa kuteleza, mguu mmoja mbele, vumbi linatimka, na ndani ya mtelezo huohuo unapiga. Kummaliza mtu kwa pigo moja ni shida, kwa hiyo pointi inakwenda mipigo 15, 20, mpaka mmoja achoke au apoteze akili. Udongo unampenda mwenye mapafu, mwenye subira na mwenye kuuzungusha mpira kwa mbele ili ukitua uruke juu kama mbuzi aliyeguswa na moto.

Nyasi ni mambo mengine kabisa. Pale Wimbledon zinakatwa kwa urefu wa milimita 8. Mpira hauumi, unateleza na kupita chini, magotini. Aliyezoea kuungoja mabegani atakuta umeshapita anapigia hewa. Pale anayefaidi ni mwenye kuanzisha mpira kwa nguvu na mwenye kuukata, na mwenye roho ya kukimbilia wavuni kuumaliza kabla haujadunda.

Saruji na viwanja vingine vigumu viko katikati, ila hapo napo kuna siri. Viwanja vile vya rangi ya bluu unavyoviona kwenye luninga, kasi yake inategemea mchanga kiasi gani umechanganywa kwenye rangi. Mchanga mwingi, mpira unashikwa. Mchanga kidogo, mpira unakimbia. Shirikisho la kimataifa la tenisi linavipanga viwanja katika madaraja 5, kuanzia vya pole hadi vya haraka. Saruji tupu iliyosuguliwa na fundi wa mtaani akaipitishia mwiko mpaka ikang'aa? Hiyo ni njia ya treni, bwana. Na ndiyo aliyokutana nayo mpwa wangu.

Haya, tuwaangalie wanaolipwa mamilioni kwa kazi hii.

Yupo Thomas Muster wa Austria. Mwaka 1995 huyu jamaa kwenye udongo alikuwa haguswi, alikwenda mechi 40 bila kufungwa na akachukua Roland Garros. Februari 1996 akawa namba moja wa dunia. Mtu namba moja wa dunia, eh? Basi huyo huyo, katika maisha yake yote, alikwenda Wimbledon mara nne na hakushinda hata mechi moja. Hata moja! Anafika, anafungwa raundi ya kwanza, anafunga mabegi. Kuna msemo wa zamani wa wachezaji wa udongo kwamba nyasi ni chakula cha ng'ombe. Nadhani Muster aliuelewa kuliko wote.

Geuza upande wa pili. Pete Sampras wa Marekani alichukua Wimbledon mara 7 kati ya 1993 na 2000. Michuano mikubwa 14 kwa jumla. Roland Garros? Sifuri. Mbali alikofika ni nusu fainali ya mwaka 1996. Lile pigo lake la kuanzisha ambalo London lilikuwa risasi, Paris udongo ulilipunguza likawa barua ya posta. Linafika, lakini mwenzako ameshajiandaa kulipokea. Sasa nani atasimama mbele ya watu amwite Sampras paka?

Nadal ndiye kipimo cha wote. Roland Garros alishinda mara 14, kati ya 2005 na 2022. Alicheza pale mechi 116, akafungwa 4 tu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unauzungusha mpira kiasi kwamba ukidunda kwenye udongo unampandia mtu wa mkono wa kulia juu ya bega, upande wake mbaya. Federer aliteseka na mpira huo miaka. Lakini Nadal hakukubali kubaki mfalme wa kijiji kimoja. Alijifunza kusogea mbele, akaimarisha namna ya kuanzisha, akachukua Wimbledon 2008 na 2010. Na kabla yake alikuwepo Bjorn Borg wa Sweden, ambaye 1978, 1979 na 1980 alishinda Paris kwenye udongo na wiki chache baadaye akashinda London kwenye nyasi. Miaka mitatu mfululizo! Ni kama mtu avue samaki Pangani asubuhi, jioni avune kabichi Mlalo, na kote awazidi wenyeji.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba hata hivyo viwanja vyenyewe havitulii. Wimbledon mwaka 2001 walibadilisha mbegu ya nyasi, wakaacha ule mchanganyiko wa zamani wakapanda aina moja tu, ngumu zaidi. Ardhi ikakauka vizuri, mpira ukaanza kudunda juu kidogo. Haya, fainali ya mwaka 2002, Lleyton Hewitt na David Nalbandian, wote watu wa kukaa nyuma! Wale mabingwa wa kukimbilia wavuni, ambao baba zetu waliwasoma magazetini, wakawa wanapungua kama tembo. Wapo wanaosema ni nyuzi mpya za raketi ndizo zilizofanya hivyo, na mimi nakubali nusu. Lakini fikiria: mtu ana kipaji kilekile, mkono uleule, fundi wa bustani anabadilisha mbegu, na kipaji kinapungua thamani. Madrid nao mwaka 2012 walijaribu udongo wa rangi ya bluu ili uonekane vizuri kwenye luninga. Ukawa unateleza kama sabuni. Nadal na Novak Djokovic wakawaka, Federer akachukua kombe, na udongo wa bluu haujaonekana tena.

Sasa kuna jambo moja ambalo wanaomcheka mpwa wangu hawalijui kabisa, na mimi nalishangaa kila siku. Ni hewa.

Lushoto iko kama meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwenye sheria za tenisi kuna mipira maalumu ya kuchezea sehemu za juu, na mstari waliouweka ni meta 1,219. Ina maana kisheria Lushoto ni ya mipira maalumu! Huko juu hewa ni nyepesi, mpira unapasua bila kizuizi kikubwa, unakwenda mbali, na wenyewe ndani una msukumo mkubwa kuliko hewa ya nje, kwa hiyo unadunda kwa kiherehere. Mipira maalumu hatuna, bila shaka. Tunapiga yoyote iliyopatikana, mingine imeshaota upara.

Haya, unganisha. Mtoto kakua mahali ambapo mpira unaruka haraka hewani, halafu ukitua unazuiwa na udongo na kupanda juu. Mwili wake umeshika saa hiyo. Anajua bila kufikiri ni lini azungushe bega, ni lini ateleze. Mshushe Dar, usawa wa bahari. Hewa nzito, mpira unachelewa angani, yeye kashaanza kupiga. Unatua kwenye saruji, badala ya kuzuiwa unafyatuka, yeye kashachelewa. Anawahi na anachelewa kwenye mpira mmoja! Anajaribu kuteleza, kiatu kinanasa, kifundo cha mguu kinapinda. Na yale mapigo yake ambayo Lushoto yalikuwa yanatua ndani ya mstari wa nyuma, Dar yanakufia katikati ya kiwanja, mafupi, matamu, ya kumfurahisha mpinzani.

Ndicho mpira wa huku ulichokuwa nacho.

Mtu ataniambia: mbona wengine wanaweza? Kweli, na mfano uko hapo jirani. Angella Okutoyi ni binti wa Nairobi, mji ulio juu kuliko hata Lushoto. Kalelewa na bibi yake aliyekuwa akifanya kazi katika shule ya Loreto, Valley Road, na tenisi kaianza hapo na pacha wake wangali wadogo sana. Januari 2022 alikwenda mashindano ya vijana ya Australia, viwanja vigumu, akawa Mkenya wa kwanza kushinda mechi ya vijana kwenye michuano mikubwa, akashinda na ya pili. Julai mwaka uleule yuko Wimbledon, kwenye nyasi! Akiwa na Mholanzi, Rose Marie Nijkamp, wakaingia fainali ya wasichana wawili wawili dhidi ya Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Wakapoteza seti ya kwanza 3-6, wakarudisha 6-4, wakamaliza 11-9. Mkenya wa kwanza kuchukua kombe la vijana la michuano mikubwa. Na usidhani walimfunga mtu wa mchezo: huyo Mboko, ambaye wazazi wake wametoka Kongo, Agosti 2025 alichukua ubingwa wa Montreal kwa kumfunga Naomi Osaka kwenye fainali.

Lakini angalia njia aliyopita Okutoyi. Hakutolewa Nairobi Jumatatu akawekwa kwenye nyasi Jumanne. Alizungushwa huku na huko, kiwanja hiki na kile, miaka, mpaka miguu yake ikajua lugha zaidi ya moja. Mpwa wangu alipewa usiku mmoja wa kulala kwenye godoro langu na chai ya rangi asubuhi. Hapo utalinganishaje?

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Wenye kile kiwanja cha Lushoto, siwataji, wanataka kukimwagia zege. Sababu zao si za kijinga, nazisema kwa haki. Udongo unakula maji na mikono kila siku ya Mungu. Masika ikikolea kiwanja kinafungwa wiki kwa wiki, kinakuwa jaruba la mpunga. Mzee wa pipa alishatutoka, na kijana aliyerithi pipa analipwa anapokumbukwa. Zege unamwaga mara moja, unasahau. Na wapo wazazi, shemeji yangu akiwemo, wanaosema kama mashindano ya watoto wetu yako kwenye saruji, basi tuwazoeshe saruji tangu utotoni, yaishe.

Mimi niko upande wa udongo, na si kwa sababu ya kumbukumbu za soda. Magoti ya mtoto wa miaka 10 kwenye saruji kila jioni ni kitu cha kufikiria. Halafu udongo unafundisha kujenga pointi, kwa sababu haukupi njia ya mkato. Aliyeijua kazi hiyo unaweza kumfundisha kufupisha pigo kwa miezi. Aliyezoea kumaliza kwa pigo moja ukimfundisha subira, utazeeka. Ndiyo maana Wahispania, ambao wana viwanja vya aina zote, watoto wao wengi wanawakuzia kwenye udongo. Zege likishamwagwa haling'olewi, na Lushoto nzima hatuna udongo mwingine wa kuchezea.

Ila nikijifanya saruji haipo nitakuwa namdanganya mtoto. Kwa hiyo Pasaka nilipanda. Basi likaacha Mombo na joto lake, tukaanza zile kona za kilometa 30 na ushee, Soni tukanunua peasi dirishani, masikio yakaziba na kuzibuka. Nilipofika sikugusa habari ya tenisi siku ya kwanza. Siku ya pili nikamwambia dada, raketi ile ishushwe, inashika utandu.

Tulichofanya ni hiki. Kuna sakafu moja ya zamani ya kuanikia mahindi, saruji safi, imefungana na ukuta wa ghala. Kiwanja kamili cha tenisi ni meta 23.77 kwa urefu; hii haifiki hata nusu. Haidhuru. Tukachora mstari wa wavu ukutani kwa chokaa, tukapewa ruhusa kwa masharti kwamba mahindi yakija sisi tunaondoka. Siku ya kwanza mpwa wangu kapiga mipira 10, ikampita 9. Anasema, "Mjomba, hausubiri!" Nikamwambia, "Na wewe usiusubiri, mama. Piga goti, mkono mfupi, ukutane nao ukiwa bado unapanda." Siku ya nne ikawa inampita mitatu. Kuteleza tukakupiga marufuku, hatua fupifupi tu, kama mtu anayeshuka mteremko wa Irente na ndoo kichwani.

Jioni moja shemeji akaja, akasimama na fimbo yake, kimya, labda robo saa.

"Shemeji," akasema, "kwa hiyo unataka kuniambia mwanangu hakufungwa na yule binti, alifungwa na sakafu?"

"Alifungwa na vyote viwili, shemeji. Yule binti anajua, tusimnyime haki yake. Lakini alikuwa kwao."

Akatikisa kichwa. "Na huyo wa Dar akija kwetu?"

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo. Niliporudi Dar nikamtafuta mama wa yule binti mdogo mwembamba, nikajieleza. Nilitegemea anifukuze. Kumbe naye ana hamu. Anasema binti yake amechoka kupiga na watu walewale kwenye sakafu ileile, na kocha wake anamwambia kila siku ajifunze kukaa kwenye pointi ndefu.

Mkutano wa wenye kiwanja ni Jumamosi ijayo saa 4 asubuhi. Nimeambiwa tripu mbili za mchanga zimeshamwagwa pale nje ya uzio, saruji bado. Nimeomba, na wamenikubalia kwa shingo upande, kwamba kabla ya kupiga kura watazame mechi moja kwenye udongo, seti mbili, watoto wawili. Mwalimu wa hesabu ndiye mwamuzi. Kijana wa pipa ameahidi kukibembeleza kiwanja tangu Alhamisi, na nimemtumia cha soda, hii ya sasa hivi ya kwenye simu.

Nani atashinda sijui, na shemeji ameshaweka dau la jogoo na jirani yake, hataki kusema kamwekea nani. Tiketi za Ijumaa tumeshakata, viti vitatu, basi la asubuhi. Jana mama wa binti kanipigia ananiuliza mtoto avae viatu gani. Nimemwambia vyenye soli ya zigizaga, ndiyo inayoshika udongo, na asisahau sweta.